Walisema nina kipaji cha poka

Kama umeanza kucheza poka juzijuzi na wenzako wameshaanza kukuambia una kipaji, soma haya kabla hujahamia meza ya dau kubwa. Mimi niliambiwa hivyo miezi ya mwanzo kabisa, nikayapokea maneno hayo bila ubishi kwa sababu yalifanana na nilivyojiona. Nikimtazama mtu najua anawaza nini. Sishtuki upesi. Nikipiga mkwara, yaani nikiweka dau kwa karata mbovu ili wenzangu waogope watupe zao, uso haubadiliki hata ukinimulika taa. Katika kundi letu hizo ndizo zilizohesabiwa sifa za mcheza poka, na aliyekuwa nazo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Tulikuwa tunacheza Texas Hold'em, ile inayochezwa zaidi duniani siku hizi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu karata tano za wote zinafunuliwa mezani: tatu kwanza, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila hatua watu wanaweka dau, wanafuata, wanaongeza au wanatupa karata. Kanuni zake mtu anazishika jioni moja. Urahisi huo ndio mtego wenyewe, maana ukishazijua kanuni na ukashinda mara mbili tatu, hakuna kitu mezani kitakachokuonyesha kwamba hujui.

Mwanzoni nilikula sana. Nikipiga hesabu sasa naona jambo lenyewe lilikuwa jepesi: wenzangu walikuwa wanafuata kila dau kwa karata zozote walizopewa, ili tu wasikose uhondo wa kuona karata ya mwisho. Mimi kwa tabia ni mbahili. Karata zikiwa mbovu naona uchungu kutoa kete, vile vidude vinavyosimama badala ya pesa mezani; nazitupa, nasubiri. Kumbe hicho tu, kutupa mara nyingi kuliko wenzako, kwenye meza ya namna ile kinatosha kukupa faida. Ongeza na bahati ya mtende, jozi kubwa kunijia siku ambazo watu wamekuja na pesa, basi. Lakini hakuna aliyesema "huyu ana ubahili mzuri". Walisema anasoma watu. Nami nikaanza kuuacha ubahili, ambao ndio ulionilisha, nikashika huko kusoma watu.

Nilipohamia kwenye meza ya watu wanaojua, kilichonishangaza kwanza ni kwamba hawakuwa na mbwembwe. Hakuna aliyenikazia macho. Walikuwa wanatupa karata, wanatupa, wanatupa, halafu mmoja anaongeza dau kwa kiasi ambacho ukifuata unaumia na ukiacha unaumia. Kete zangu zilipungua bila kushindwa mgao hata mmoja mkubwa. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba sehemu kubwa ya kuliwa kwangu ilitokana na mahali nilipokaa. Kwenye poka anayeamua mwisho ameshaona wenzake wote wamefanya nini. Anayeamua mwanzo anapapasa gizani. Karata zilezile mbili zina faida ukiwa wa mwisho na zina hasara ukiwa wa kwanza. Wale jamaa walikuwa wanazicheza nyingi wakiwa nyuma na chache mno wakiwa mbele. Mimi nilikuwa nazicheza kwa jinsi nilivyojisikia.

Kuna mgao mmoja nitauelezea kwa kirefu. Nilikuwa na ree (ile A) na nane. Zikafunuliwa ree, nane na nne. Jozi mbili, tena kubwa. Nikaweka dau, wote wakatupa isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, ambaye jioni nzima alikuwa hajacheza karata zaidi ya chache. Akafuata. Ya nne ikaja mbili. Nikaweka tena, akafuata tena. Ya mwisho ikaja mbili nyingine. Safari hii hakunisubiri. Akachukua rundo la kete karibu sawa na fungu lote lililokuwa katikati, akalisogeza, na mkono wake ukawa unatetemeka mpaka kete mbili zikaanguka pembeni.

Nikauona ule mkono. Nikasema moyoni: anaogopa, huu ni mkwara. Nikafuata haraka, tena kwa tabasamu.

Akafunua jozi ya nne. Tatu za nne na jozi ya mbili. Alikuwa amenishinda tangu zile karata tatu za kwanza.

"Kijana, ulinifuata kwa nini?" akaniuliza, wala si kwa kebehi.

"Mkono wako ulikuwa unatetemeka, mzee."

Akacheka. "Ungekuwa mkwara ningeukaza."

Wachezaji wenye uzoefu wanalijua hilo siku zote: mkono unaotetemeka mara nyingi ni wa mtu aliyepata karata nzito baada ya kungoja sana, mwili unashindwa kuficha msisimko. Anayedanganya hujikaza, hupumua kidogo, hutulia kupita kiasi. Kwa hiyo hata huko kusoma watu nilikokuwa nakuringia, nilikuwa nasoma kinyume. Ila hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba sikuhitaji kuutazama mkono. Madau yalikuwa yameshaniambia. Mtu anayetupa karata jioni nzima amefuata mara mbili huku mimi nikitangaza kwa madau yangu kwamba nina ree. Anajua nina ree, na bado anakuja mwenyewe kuweka dau zito kwenye karata ya mbili isiyotisha mtu. Mtu wa namna hiyo ana nini? Kaa chini upange karata zote anazoweza kuwa nazo kwa mwenendo ule, utaona zinazonishinda ni nyingi na mikwara ni karibu hakuna. Hiyo ni kazi ya kichwa, inafundishika, na haina uhusiano na macho makali.

Sisemi nyuso hazisemi kitu. Zinasema, ila ziko mwisho wa foleni. Kwanza dau lake na ukubwa wake, kisha mahali alipokaa, kisha tabia yake uliyoiona kwa muda mrefu, uso ukiwa umebakiza nafasi. Anayeanza na uso anajikuta anaona anachotaka kuona.

Na mkwara wenyewe niliokuwa najivunia? Nilidhani ni ujasiri. Unapigwa pale roho inapokutuma. Mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann, katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern, alikwishaonyesha kwa mfano mdogo wa poka kwamba mkwara ni sehemu ya hesabu: mchezaji anayetaka asiweze kunyonywa lazima adanganye kiasi fulani, tena adanganye kwa karata zake mbovu kabisa, kwa sababu zile za wastani zina thamani ya kuzionyesha bila kulipia. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Nilikuwa napiga mkwara kwa karata za wastani, zile ambazo ningetulia zingeweza kushinda zenyewe, na mbovu nazitupa.

Hesabu ya chini kabisa ya mkwara iko hivi. Ukiweka dau sawa na fungu lililopo katikati, mwenzako lazima atupe karata zaidi ya nusu ya mara zote ndipo upate faida. Ukiweka nusu ya fungu, inatosha atupe zaidi ya theluthi. Ukishajua hivyo, swali linabadilika. Hujiulizi tena kama una moyo. Unajiuliza kama mtu huyu, kwa karata anazoweza kuwa nazo, atatupa mara ngapi. Wale marafiki zangu wa mwanzo waliokuwa wanafuata kila kitu hawakustahili kupigiwa mkwara hata mara moja, na bado nilikuwa nawapigia, halafu nawalaumu kwamba hawajui mchezo!

Kilichoniumiza zaidi kuliko mikwara ni kopa. Au uru, au pau, au shupaza, yoyote ile. Una karata mbili za kopa, mezani zipo kopa mbili, unasubiri ya tano, maana karata tano za aina moja ni nzito. Nilikuwa nina kawaida ya kuhisi kwamba inakuja, na zile mara ilipokuja nilizikumbuka zote. Chukua hali ya kawaida: imebaki karata moja kufunuliwa, katikati kuna kete 100, mwenzako anaweka 50. Unatakiwa utoe 50 ili ushindanie 150. Karata ambazo hujaziona ni 46, kopa zilizobaki ni 9. Nafasi yako haifiki 20 kwa 100, wakati dau lile linadai angalau 25 kwa 100. Kila ukifuata hapo, kwa wastani unatupa karibu kete 11, kopa ije isije. Isipokuwa kama una hakika kwamba ukiipata mwenzako atakulipa dau jingine zito, hapo hesabu inageuka. Hesabu yenyewe ni ya darasa la msingi. Nilikuwa siifanyi kwa sababu watu wenye kipaji hawahesabu, wanahisi.

Kuna za kukariri ambazo zitakusaidia mara moja, usisubiri uanze kuliwa. Kopa nne ukiwa bado na karata mbili za kufunuliwa: kama 35 kwa 100. Jozi mkononi kupata ya tatu yake kwenye zile tatu za kwanza: kama 12 kwa 100, yaani mara moja katika nane au tisa. Jozi ya ree utapewa mara moja katika migao 221, kwa hiyo acha kuishi kwa kuisubiri. Na ukiipata, ukakutana na mwenye jozi ya wafalme na mkaweka kete zote kabla ya karata kufunuliwa, bado atakuchapa karibu mara moja katika tano. Hiyo ya mwisho iandike mahali utakapoiona.

Iandike kwa sababu ndani yake umo ugumu wa kujifunza poka, na ndiyo sababu maneno ya kipaji yanashika mizizi kwenye mchezo huu kuliko mingine. Ukikimbia mbio na huna mbio, saa inakuumbua siku hiyohiyo. Kwenye poka unaweza kufanya uamuzi wa kijinga ukalipwa, ukafanya wa busara ukaadhibiwa, na hali hiyo ikaendelea kwa muda mrefu. Meza ni mwalimu anayetoa alama kwa kurusha sarafu. Anayekula mapema anaamini amezaliwa nao, anayeliwa mapema anaamini hakujaliwa, na wote wawili hawana ushahidi.

Nilichofanya hatimaye ni kununua daftari. Kila nilipocheza niliandika migao michache iliyonisumbua: nilikaa wapi, nani aliweka kiasi gani, karata zipi zilifunuliwa, na nilikuwa nawaza nini wakati ule. Si baada ya kuona matokeo, wakati ule. Halafu nikampata mtu aliyenizidi mchezo akakubali tuwe tunapitia. Alikuwa na sharti moja ambalo nakuomba ulichukue hata kama hutachukua kingine chochote hapa: nisimwambie nani alishinda. Nisimulie mgao mpaka kwenye uamuzi wangu, ninyamaze. Mara za kwanza nilishindwa. Nilikuwa nataka kumalizia, "halafu yule jamaa akafunua..." Ananikatiza. "Hilo halinihusu. Ulikuwa na kete 50 za kutoa, kwa nini ulitoa?" Na mimi sina jibu. Sikuwa na jibu kwenye migao niliyokula kama ambavyo sikuwa nalo kwenye niliyoliwa. Nilitoka kwenye vikao vya mwanzo nikiwa na hasira naye, nikijiambia huyu bwana ni wa vitabuni, hana hisia za mchezo. Tena nilimwambia hivyo. Akaniuliza hisia zangu zimeniletea kiasi gani mpaka sasa, na jumla niliyokuwa nayo kichwani, nilipoilinganisha na daftari, haikufanana hata kidogo. Kichwa kilikuwa kimeacha hasara nyingi njiani.

Baadaye niliongeza programu za kukokotoa mchezo, zile zinazokuonyesha uamuzi bora dhidi ya mtu asiyekosea. Zinafaa, lakini si za kuanzia. Nimeona watu wanakariri majibu ya programu bila kujua swali lilikuwa nini, wanakuja mezani kucheza na walevi kana kwamba wanacheza na mashine.

Ukitaka kujua kipaji kina mchango gani, tazama waliokwisha kupita. Mtu anayetajwa zaidi ni Stu Ungar wa New York. Kwenye jini rami, mchezo mwingine wa karata, alikuwa mkali mpaka watu wakawa wanakataa kukaa naye, akageukia poka, na mwaka 1980 akachukua shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas. Akalichukua tena 1981, na tena 1997. Wanaosema kipaji ndicho kila kitu wanaishia hapo. Hawasemi kwamba alikulia ndani ya karata, baba yake akiwa na baa iliyokuwa kituo cha wacheza kamari, kwa hiyo wakati wenzake wanajifunza kusoma yeye alikuwa ameshaona migao isiyo na idadi. Wala hawapendi kuendelea na sehemu iliyobaki: pesa zilivyokuwa zikiisha kwenye kamari nyingine na dawa za kulevya, hadi kifo chake Novemba 1998 akiwa na miaka 45.

Upande mwingine yupo Maria Konnikova, mwanasaikolojia na mwandishi. Alianza akiwa hajui chochote kuhusu poka, akamwomba Erik Seidel, mmoja wa wachezaji wakongwe wanaoheshimiwa, amfundishe. Mwanzoni mwa 2018 alishinda shindano huko Bahama na kuondoka na zaidi ya dola 80,000. Mtu mzima, kaanza sifuri, kafundishwa. Nakubali alikuwa na mwalimu ambaye mimi na wewe hatutampata, na shindano moja si ushahidi wa mwisho. Hata Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyeingia shindano kuu la 2003 kupitia mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akawashinda watu 838 na kubeba dola milioni 2.5, alikuwa na siku zake. Hadithi yake ilivuta umati mkubwa kwenye poka, na nadhani wengi wetu tuliielewa vibaya. Tulisikia "yeyote anaweza", hatukusikia "mara moja".

Kwangu mimi ushahidi ulioninyamazisha ni wa namna mbili. Mmoja ni wa Annette Obrestad wa Norwe. Mwaka 2007 alicheza shindano la mtandaoni la watu 180 akiwa ameziba karata zake zisionekane, na kwa maelezo yake mwenyewe alizichungulia mara moja tu. Akashinda. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, akachukua taji kuu la World Series of Poker Europe jijini London. Fikiria alibakiwa na nini baada ya kuziba karata, tena mtandaoni ambako hakuna uso wa kutazama: mahali alipokaa, ukubwa wa madau, na tabia za watu. Mambo matatu yaleyale ambayo mwenzangu wa daftari alikuwa ananipigia kelele.

Mwingine ni wa mashine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walitangaza Cepheus, programu iliyofikia karibu ukamilifu kwenye poka ya watu wawili yenye kikomo cha dau, kwa kucheza na nafsi yake tu. Januari 2017 Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ikacheza migao 120,000 dhidi ya wataalamu wanne kwenye poka isiyo na kikomo, mmoja mmoja, ikawashinda wote. Haikuzaliwa na kipaji. Haikumtazama mtu usoni. Na mikwara ilipiga, mikubwa kuliko ambayo binadamu wengi wangethubutu.

Baada ya kusema yote hayo, siamini kwamba watu wote tuko sawa. Nilicheza muda mrefu na rafiki ambaye kichwa chake ni cha ajabu. Migao ya wiki iliyopita anaikumbuka karata kwa karata, asilimia anazitaja bila kufikiri. Mimi nilihitaji miezi kufika alipofika yeye kwa wiki. Hicho ni kipaji, sioni jina jingine. Lakini akipigwa vibaya mara moja, jozi ya ree ikachapwa kwenye karata ya mwisho, mori unampanda. Anaanza kucheza karata yoyote, anaongeza dau kwa sauti, anamfukuzia aliyemla mpaka amalize kete zote, kisha anatoa pesa nyingine mfukoni. Anajua kabisa anakosea. Ukimuuliza kesho yake atakuchambulia makosa yake vizuri kuliko mwalimu yeyote. Kujua kwake kote kunakaa mlangoni akikasirika. Kama kuna jambo moja la kuzaliwa nalo ambalo lingenipa wivu kwenye mchezo huu, ni ile hali ya watu wachache ambao kuliwa hakuwabadilishi chochote.

Mimi sikuzaliwa nayo. Nimejiwekea kamba. Nina kiwango cha kuliwa ambacho kikifika nainuka, na kiwango hicho nakiandika kabla sijakaa, kwa sababu kikiwa kichwani kinavutika. Pesa ya poka iko peke yake, haichangamani na ya kodi wala ya chakula. Ikiisha, nimesimama mpaka itakapopatikana nyingine kwa njia halali ya kawaida. Sichezi nikiwa na usingizi. Hili la usingizi nililidharau, mpaka daftari liliponionyesha kwamba saa za mwisho wa usiku zilikuwa zinakula karibu kila nilichopata saa za mwanzo. Na nina mtu mmoja nyumbani anayejua jumla halisi, si ile ninayopenda kuisema. Kabla ya hapo nilikuwa nasema nimetoka sare. Wacheza kamari wote duniani wametoka sare, ukiwasikiliza. Kuna kipindi kuficha huko kuliniletea ugomvi mkubwa kuliko pesa zenyewe, na uaminifu niliopoteza ulichukua muda kurudi kuliko kete. Ukijiona unaficha, au unakopa ili kurudisha kilicholiwa, suala la kipaji na ujuzi halikuhusu tena kwa sasa. Acha, mwambie mtu, tafuta msaada.

Watu huniuliza kama sasa nimekuwa mzuri. Jibu linahitaji hesabu nyingine moja. Tuseme mchezaji ni mzuri kweli, anakula kwa wastani dau kubwa la lazima (lile ambalo mchezaji mmoja hulazimika kuliweka kabla ya kuona karata zake) mara 5 katika kila migao 100. Kwenye poka isiyo na kikomo, matokeo huyumba kwa kiasi cha mara 90 hivi ya dau hilo katika migao 100 hiyohiyo. Ukimwacha acheze migao 10,000, utategemea awe amekula 500, lakini mtawanyiko wake ni kama 900. Maana yake karibu mara 3 kati ya 10, mtu huyu mzuri kweli atakuwa ameliwa baada ya migao 10,000. Na mbovu wa kiasi hichohicho, mara 3 kati ya 10 atakuwa anatamba. Meza ya ana kwa ana inatoa migao 30 kwa saa ikikimbia, kwa hiyo hizo ni saa zaidi ya 330 za kukaa kitini, na bado hujajua.

Daftari langu linaonyesha nimekula. Halijafika kiasi cha kuniruhusu kuapa. Kwa hiyo dau langu sijalipandisha, meza ni ileile, na kila wiki mimi na yule bwana wa daftari tunapitia migao. Siku hizi ananisumbua kuhusu madau makubwa ya karata ya mwisho kutoka kwa watu wanaotupa karata jioni nzima. Anasema bado nayafuata kupita kiasi, nami sina hoja ya kumpinga.